Sikukuu ya Mashahidi wa Namugongo

Wasikilizaji wetu, hasa ninyi wa Kyela, Ipinda na Matema: mwezi wa Juni, maji ya Kiwira na Mbaka yakiisha kupungua, nasi tukiwa katika kuvuna mpunga, huko Uganda watu wengi hushika njia kwenda Namugongo, karibu na mji wa Kampala. Wengine hutembea majuma mazima kwa miguu, nao wamo watokao Kenya na Tanzania. Huimba, husali, hulala katika viwanja vya makanisa. Sikukuu yenyewe ni tarehe 3 Juni, lakini huanzia njiani.

Sababu yake ni hii. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alikaa Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria. Aliwakasirikia vijana wahudumu wake kwa kuwa walimtii Mungu kuliko yeye, wakakataa amri zilizo kinyume cha imani yao. Usiku wa kuamkia hukumu, Karoli Lwanga, mkubwa wao, aliwabatiza waliokuwa bado, mmojawapo Kizito, mtoto apataye miaka 14. Wakafungwa kamba, wakapelekwa Namugongo kwa miguu. Baadhi yao waliuawa njiani. Waliosalia wakangoja karibu juma zima, huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana, wakachomwa moto.

Basi mwenye kutembea leo huirudia safari ile.

Mwaka 1934 Papa Pius XI alimfanya Lwanga msimamizi wa vijana Wakatoliki wa Afrika, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu. Kanisa lao, lililowekwa wakfu mwaka 1975, ni la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kiganda. Lakini Waanglikana nao walikuwamo katika moto ule, na mahali pao pa ibada ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Siku ni moja, ibada ni mbili. Sisi wa Kyela, ambako Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki huuza mchele soko moja na kuzikana, twaona ni shida kuwaeleza wanafunzi jambo hili. Papa Paulo mwenyewe, siku ile ya 1964, hakuwasahau Waanglikana, aliwataja.

Ibada ikiisha, watu huteka maji katika ziwa dogo lililo kando ya kanisa, wakayachukua kwao. Na aliyekuja kwa miguu mara nyingi hurudi kwa motokaa.