Kampala, Julai 2010: Mshukiwa, Mshtakiwa, Jirani

Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Julai 2010, Kampala ilikuwa ikitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi. Muda mfupi kabla ya saa tano, bomu lililipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Yapata saa tano na robo, mengine mawili yalilipuka katika uwanja wa raga wa Kyadondo, ambako umati ulikuwa umeketi mbele ya skrini kubwa. Watu wasiopungua 74 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilidai kuhusika, kwa kisasi dhidi ya Uganda na Burundi zilizopeleka wanajeshi Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 20, nikiishi kwa shangazi yangu Kisenyi, mtaa wenye Wasomali wengi. Milipuko yenyewe hatukuisikia. Habari zilitufikia kwa simu, na hadi alfajiri majirani walikuwa wakiwatafuta watoto wao. Wapo ambao simu zao ziliita tu.

Asubuhi yake, mzee Msomali aliyekuwa akituuzia unga na sukari hakufungua duka. Hakufungua siku ya pili, wala ya tatu. Nchi ilikuwa katika maombolezo ya wiki moja, nasi tukajifunza kupanga foleni ili mifuko yetu ikaguliwe milangoni. Ndani ya teksi nilimwona mwanamke aliyevaa hijabu ndefu akiamriwa ashuke. Akashuka bila kusema neno. "Gaidi huyo," abiria mmoja akasema, na gari likaondoka.

Siku ya nne shangazi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinituma kwa yule mzee. "Kamwambie tumeishiwa unga." Unga tulikuwa nao. Mzee alifungua mlango nusu, akanitazama kwa muda, kisha akapima kilo mbili.

Wanafunzi wangu, tazameni maneno haya. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Mshtakiwa amekwisha kufikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka. Mhalifu ni yule ambaye hatia yake imethibitishwa. (Msichanganye la kwanza na la pili katika insha zenu, kama magazeti yafanyavyo.) Yule mwanamke wa teksi hakuwa hata mshukiwa.

Huko Makindye polisi walipata bomu ambalo halikulipuka, na simu iliyokuwa pamoja nalo ikawaongoza kwa watu waliotafutwa. Walioshtakiwa walitoka Uganda, Kenya na Tanzania. Baadhi yao walilalamika kwamba walitolewa nchi jirani na kuletwa Kampala kinyume cha sheria, na shauri hilo likaichelewesha kesi kwa miaka. Wengi walikasirika: kwa nini watu kama hao wasikilizwe? Mimi naona ilistahili, ijapokuwa kwa familia za marehemu ulikuwa muda mrefu mno.

Hukumu ilitolewa Mei 2016. Kati ya washtakiwa 13, wanane walipatikana na hatia, na watano kati ya hao wakafungwa maisha. Isa Ahmed Luyima, aliyetiwa hatiani kwa kuongoza njama hiyo, ni Mganda. Washtakiwa watano waliosalia hawakupatikana na hatia ya mashambulizi hayo.