Volti Zimezidi

"Volti zimezidi." Ndivyo anavyosema mtu aliyemaliza kuunganisha amplifaya ya gitaa ya tyubu, pindi ncha ya mita inapogusa anodi. Tuchukue nakala ya Fender Champ 5F1, amplifaya ndogo ya Marekani ya miaka ya 1950, yenye tyubu tatu tu: 12AX7, 6V6 na 5Y3. Tuseme chanzo kinachoilisha 12AX7 kina volti 250, na anodi ilitarajiwa kuwa na 150. Mita inasoma 250.

Kauli ile ni tamu kwa ufupi wake, lakini inapotosha. Kuzidi ni kufurika, kwa hiyo fundi anaanza kuituhumu transfoma. Kumbe pale hakuna kilichofurika; kuna ukavu. Neno linalohitajika ni mkondo, ambalo watu wa pwani walilitumia kwa maji ya bahari kabla ya kulikopesha umeme. Rezista ya anodi, ohmu 100,000, hula volti 100 ikiwa tu miliampea 1 inapita ndani yake. Mkondo usipopita, haili kitu, na volti zote za chanzo zinatua kwenye anodi.

Basi hamia katodi, yenye rezista ya ohmu 1,500. Ikisoma 1.5, miliampea 1 inapita. Ikisoma sifuri, pengine tyubu haijapata moto au haijakaa vizuri kwenye soketi. Lakini katodi ikiwa sawa, au juu kidogo, na anodi ing'ang'anie karibu 240, soma rangi za rezista yenyewe: kahawia, nyeusi, njano ni 100,000; kahawia, nyeusi, machungwa ni 10,000. Chini ya taa hafifu njano na machungwa hukaribiana mno.

Mchoro wa saketi nao una istilahi zake za kale. Alama ya B+, yaani chanzo cha anodi, ilitoka kwenye redio za miaka ya 1920, zilizotumia betri A kwa filamenti, B kwa anodi na C kwa gridi. Betri zimekwisha, herufi imebaki.

Neno ninalolithamini kuliko yote hayo halimo katika kamusi ya ufundi: "kati ya". Hakuna volti za mahali pamoja. Ile 250 ni kati ya anodi na chasisi, na ncha nyeusi ikishikwa mahali pasipo na erthi, namba itakayotokea si ile ya kati ya anodi na chasisi.

Na kuzima? 12AX7 na 6V6 zikiwa bado baridi, ukavu ule ule uliopandisha volti huweza kuziacha kapasita za chujio zikiwa na volti zaidi ya 300 hata plagi ikichomolewa, kwa kuwa hakuna mkondo wa kuzimwaga. Zimwage kupitia rezista, pima tena, ndipo ushike chuma cha kulehemu.