Kabla hujanunua wasomaji wa blogu yako, pitia kwanza historia hii

Leo sina ubuyu. Leo tunaongea historia, maana kuna hela yangu imeliwa na sitaki ya kwako iliwe.

Nilipofungua blogu, nilichukua 60,000 ya kodi ya chumba nikabusti posti kwenye mtandao mmoja. Siku 3 wasomaji walimiminika, nikajiona bosi. Siku ya 4 hela ikakata, wakabaki 11, na mmoja wao ni mimi kwenye simu ya dada. Ndo nikaanza kufuatilia hii biashara ilitokea wapi.

Mwaka 1998 vijana wawili wa chuo cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google. Wazo lao lilikuwa jepesi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi zenye heshima, huo upande juu. Kama machimboni tu, ukitaka kumjua fundi wa kweli humuulizi yeye, unauliza wenzake. Mwaka huohuo Bill Gross akaja na GoTo.com, akaziuza nafasi za juu kwa mnada. Anayelipa zaidi kwa kila kliki anatokea wa kwanza. Google nao wakaanza kuuza matangazo Oktoba 2000, ila wakayatenga na majibu ya kawaida. Kwa hiyo njia ni 2 tangu zamani: utajwe au ulipe.

Huku kwetu, Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, blogu yake ikiitwa Jikomboe. Septemba 2005 mpiga picha Issa Michuzi akafungua ya kwake akiwa Helsinki, Finland, Ndesanjo akimsaidia. Watu walirudi kwa Michuzi kila siku kwa sababu ya picha: harusi, misiba, nani katua Dar. Wabongo wa ughaibuni ndo usiseme. Halafu blogu za wakati ule zilitajana pembeni, ukimaliza hii unaangukia ile. Kumbe ile ndo hesabu ya Google yenyewe!

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, blogu zikaota kama uyoga. Kopi-pesti nayo ikaota. Picha moja, habari moja, blogu 20. Februari 2011 Google wakaleta badiliko liitwalo Panda, la kuzishusha kurasa hafifu na za kunakili. Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni: maombi 100,000, leseni 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine. Ada zilipunguzwa baadaye, ila kuna waliokuwa wameshazima taa.

Sasa mimi nilijifunza nini? Kulipia wasomaji ni kama pampu ya kuvuta maji kwenye duara. Petroli ikiwepo, duara kavu. Ikiisha, maji yanarudi. Pampu siyo mbaya, ila uwe umeshauona mwamba wenye dhahabu chini. Mimi niliwasha pampu kwenye shimo tupu: habari yangu ilikuwa imeshaandikwa na blogu 20 za Dar.

Nikabadilisha. Kuna manju mmoja wa nyimbo za Kisukuma, jina nalihifadhi, anatikisa kila harusi huku. Vijana wanacheza, ila waliokulia mjini hawaelewi anachoimba. Nikakaa na bibi yangu jioni 2, akanieleza maneno ya kale na mafumbo yote. Nikaandika maana yake kwa Kiswahili, na kichwa cha habari nikakiweka vilevile mtu anavyouliza kwenye simu. Sikubusti hata mia.

Wiki ya kwanza kimya. Mwezi wa pili wakaanza kuingia 5, 9, mpaka 40 kwa siku, na hawajaacha. Siyo utajiri, kodi bado nakimbizana nayo. Ila hawa hakuna aliyelipiwa, wamekuja kwa swali lao, na jibu walilikuta kwa bibi yangu wa Shinyanga.

Kwa hiyo mdau, kabla hujatoa hela ya kubusti, jiulize: kitu gani wewe unakijua kwenu ambacho Dar hawakijui? Chimba hapo kwanza.