Muungwana, Mtumwa na Mwenye Kipande: Mjadala wa Utu wa Mtu Mweusi Kisiwani Pate

1.0 Utangulizi

Chundwa ni mojawapo ya vijiji vya Wabajuni kisiwani Pate, kisiwa kimoja na Siyu, Faza, Mbwajumwali na Kizingitini. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kukitaja kisiwa hiki kwa sababu ya tendi zake. Ni nadra kuuliza ni nani hakupewa nafasi ya kusema ndani ya tendi hizo. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi dhuluma aliyotendewa mwanamume mweusi kwa sababu ya asili na rangi yake ilivyoweza kuzungumzwa katika mazingira hayo, tangu karne ya 19 hadi enzi ya kipande. Hoja ya msingi ni kwamba mazungumzo hayo yalikuwa na mipaka miwili: mmoja uliwekwa na jamii yenyewe, na wa pili uliwekwa na sheria ya mkoloni. Mpaka wa pili haukuufuta ule wa kwanza, bali uliutumia.

2.0 Msamiati wa Daraja

Katika karne ya 19 wenye mali wa Lamu na Pate walilimisha mashamba ya bara kwa nguvu za watumwa. Lugha ilipanga watu kwa daraja. Aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga. Aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia. Aliyekimbia aliitwa mtoro. Juu yao wote alikaa muungwana. Ikumbukwe kwamba rangi ya ngozi peke yake haikumtenga bwana na mtumwa, kwani waungwana wengi walikuwa weusi pia. Kilichowatenga ni nasaba, dini na adabu, au tuseme madai ya kuwa navyo.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, unadhihirisha jambo hili. Mama anamwusia binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wahakiki wengi wameushughulikia utendi huu kwa upande wa mke na mume, na hilo ni haki yake. Hata hivyo, beti hizo za watumwa si pambo. Zinaonyesha kwamba heshima ya muungwana ilihitaji mtu wa kutengwa ili ionekane. Mtumwa yumo ndani ya utendi, lakini hasemi neno.

Jibu la mtumwa halikuandikwa kwa wino; lilitolewa kwa miguu. Watoro walikimbilia Witu, alikotawala Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani wa Pate, wakawa sehemu ya nguvu za utawala huo hadi Waingereza walipoushambulia mji mwaka 1890. Kwa hiyo utoro nao ni kauli ya kihistoria, na mhakiki anayesoma tendi peke yake hataisikia.

3.0 Darasa na Baraza

Jamii haikukosa hoja za kuipinga hali hiyo. Kila darasa la dini lilikuwa na kisa cha Bilal bin Rabah, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi aliyeteswa Makka kisha akawa mwadhini wa Mtume. Mafundisho kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchaji Mungu yalijulikana na mabwana na watumwa vilevile. Huko Lamu, karne hiyo ilipokuwa ikimalizika, Habib Saleh alianza kuwasomesha watu wa chini, wakiwemo wenye asili ya utumwa, na baadhi ya waungwana hawakupendezwa naye. Mvutano uliozunguka Msikiti wa Riyadha ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala kuhusu nani ana haki ya elimu.

Baraza nalo, pale wanaume wanapokaa baada ya sala kupima mambo ya mji, lilikuwa mahali pa hoja. Lakini baraza lina mwenyewe. Anayekaa juu yake si sawa na anayepita mbele yake na mzigo kichwani. Katika visiwa hivi mtu aliweza kumsifu Bilal asubuhi na jioni akamnyima mzalia mkono wa binti yake.

4.0 Sheria ya Rangi

Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Fidia walipewa mabwana. Aliyefanyishwa kazi hakupata kitu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ikafuata, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikawa ya serikali. Walioachwa huru wengi walibaki maskwota.

Kisha likaja pigo jingine. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole na habari za kazi yake, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mzungu hakubeba. Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga mambo haya, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Thuku alihamishiwa Kismayu, nchi ya Wabajuni, na baadaye Lamu na Witu. Hivyo kesi ya kipande ililetwa hadi mlangoni mwa visiwa.

Kwa watu wa pwani swali kubwa likawa: nani ni Mwafrika mbele ya sheria, na nani ni Mwarabu? Mjini Mombasa Waswahili wa Thenashara Taifa walipigania kuhesabiwa pamoja na Waarabu. Madai hayo yanaeleweka, kwani aliyeitwa Mwafrika alipoteza haki nyingi. Lakini yalikuwa na kasoro. Aliyeomba atolewe katika kundi linaloonewa hakuuliza kwa nini kundi hilo lionewe. Lugha ya zamani ya uungwana ilipata kazi mpya: badala ya kumtenga mtumwa, sasa ilimwombea mtu msamaha wa kuwa mweusi.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1947 ilipitishwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, na kikopo cha shingoni kikaondoka. Neno halikuondoka. Hadi leo Wakenya wengi hukiita kitambulisho cha taifa kipande, na vijana wa pwani waliodaiwa kuthibitisha asili yao kabla ya kukipata wanalijua vyema neno hilo. Kwa mhakiki, funzo ni kwamba historia ya utu wa mtu mweusi kisiwani Pate haimo katika tendi peke yake, wala katika sheria peke yake. Imo pia katika maneno ambayo watu wa Chundwa na majirani zao wameendelea kuyatumia. Mjadala wa haki utakamilika pale barazani kutakapokuwa na nafasi ya mjukuu wa mzalia, naye aseme bila kuulizwa kwanza yeye ni mwana wa nani.