Faili za mkono kwa mkono: historia ya seva za nyumbani na somo lake kwa Ngezi

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya Wakongo kupiga kura ya kumchagua rais, serikali ya Kinshasa ilifunga intaneti. Ujumbe mfupi wa simu nao ukakatwa. Hali hiyo iliendelea kwa karibu wiki tatu, mpaka Mahakama ya Katiba ilipothibitisha matokeo Januari 2019. Kwa muda wote huo, kilichobaki mikononi mwa watu ni kile walichokuwa wamekihifadhi wenyewe: nyimbo, mahubiri, filamu na masomo kwenye memori kadi, flashi na diski za kompyuta.

Mkaaji wa Ngezi, kama wa kartie nyingine za Bunia, ameujua utaratibu huo kwa miaka mingi. Simu inapelekwa kwenye kibanda cha kuchaji, na hapo hapo kijana mwenye kompyuta anaichomoa memori kadi na kuijaza nyimbo anazotaka mteja. Mwanafunzi anamrushia mwenzake kitabu kwa Bluetooth au kwa programu ya Xender, bila kutumia hata megabaiti moja ya kununua. Faili inatoka kwa mtu inaingia kwa mtu. Wahandisi wa Ulaya na Marekani walitumia miaka mingi kuujenga mtindo huo huo ndani ya nyaya, na historia ya kazi yao ina somo kwa mji kama Bunia.

Ilianza Juni 1999, Shawn Fanning, kijana wa Marekani aliyekuwa bado na miaka 18, alipotoa programu ya Napster. Nyimbo zilibaki kwenye kompyuta za watumiaji. Seva ya Napster ilifanya kazi ya dalali wa sokoni, ikijua tu nani ana nini na nani anakitafuta. Udhaifu wake ulikuwa hapo hapo, kwa kuwa dalali alikuwa mmoja. Kampuni za muziki zilikwenda mahakamani, na Julai 2001 Napster ikazimwa.

Waliofuata walijaribu kuondoa tegemeo hilo la mahali pamoja. Gnutella ilitoka Machi 2000 bila seva ya katikati kabisa. Mwaka huo huo Jed McCaleb alitoa eDonkey2000, ambayo seva zake ziliweza kuendeshwa na mtu yeyote, popote. Faili kubwa ilikatwa vipande vya takriban MB 9.28, na kila kipande kikapewa alama yake ya utambulisho. Aliyepata kipande kimoja alianza kukigawa kabla hajapata vingine. Julai 2001 Bram Cohen alileta BitTorrent kwa wazo linalokaribiana: kadiri watu wengi wanavyoitaka faili, ndivyo wanavyokuwa wengi wa kuigawa.

Tatizo likawa umeme na muda. Kupakua filamu moja kwa laini ya polepole kulichukua usiku kucha, wakati mwingine siku kadhaa, na kompyuta kubwa haiwezi kuachwa ikiwaka kwa muda wote huo. Jibu likatoka kwenye vifaa vidogo. Mwaka 2004 Linksys ilitoa kisanduku kilichoitwa NSLU2, chenye kumbukumbu ya MB 32 tu, kilichokusudiwa kuunganisha diski na mtandao wa nyumbani. Mafundi wa kujitegemea walikifungua, wakakiwekea Linux, na kukifanya seva. Kampuni kama Synology na QNAP nazo zikauza visanduku vyenye diski mbili au nne, vinavyokaa kimya kando ya ruta na kula umeme kidogo.

Mojawapo ya programu zilizofaa visanduku hivyo ilikuwa MLDonkey, iliyozaliwa Ufaransa kwa mtafiti Fabrice Le Fessant wa taasisi ya INRIA. Haikuhitaji skrini. Ilifanya kazi peke yake ndani ya kisanduku, na mwenyewe aliisimamia kutoka kompyuta nyingine kupitia kivinjari, kwenye mlango namba 4080.

Usimamizi wenyewe ulidai uangalifu. Programu za eDonkey, MLDonkey ikiwemo, kwa kawaida zilipokea orodha ya seva katika faili ndogo iitwayo server.met. Orodha ikichakaa, kisanduku kinapoteza muda kubisha kwenye milango iliyofungwa. Seva za uongo nazo zilikuwepo, zilizowekwa ili kupeleleza watumiaji au kusambaza faili bandia, kwa hiyo msimamizi mzuri aliipitia orodha, akafuta asizoziamini, na kuzuia programu isipokee seva mpya ovyo. Kisha alifungua mlango 4662 kwenye ruta. Bila hivyo kompyuta za wengine hazikuweza kumfikia, naye alipewa utambulisho wa daraja la chini na kupata faili kwa shida. Mtu anayepata intaneti kwa simu anakutana na kizuizi hicho hicho mpaka leo, kwa sababu kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Hata mtandao huu uliotawanyika ulikuwa na nguzo zake, na Februari 2006 polisi wa Ubelgiji na Uswisi waliangusha mojawapo kwa kuikamata Razorback2, seva kubwa ya eDonkey. Walioathirika kidogo zaidi ni wale ambao programu zao zilikuwa zimeshajifunza kutafutana bila seva. Ni haki pia kusema kwamba sehemu kubwa ya kilichopita humo kilikuwa jasho la wasanii ambao hawakulipwa, na wanamuziki wa Kongo wanaijua hasara hiyo vizuri.

Lakini chombo chenyewe hakina hatia, na matumizi yake bora yanatuhusu moja kwa moja. Mradi wa Kiwix, ulioanza 2007, unaiweka Wikipedia nzima katika faili moja inayosomeka bila intaneti. Ya Kiingereza, pamoja na picha, inazidi GB 100, na unaweza kuipakua kwa BitTorrent, kipande kwa kipande, laini ikikatika na kurudi. Ikishaingia kwenye kisanduku cha nyumbani, majirani wote walio ndani ya wimbi la Wi-Fi wanaisoma bure. Kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulianzishwa 2016. Kibera, Nairobi, TunapandaNET imeziunganisha shule na kuzipelekea masomo yaliyohifadhiwa papo hapo.

Bunia ina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, katika eneo hilo hilo, iliporwa na watu wengi wakauawa. Mei 2003 mji wenyewe ukawa uwanja wa vita, watu wakakimbilia uwanja wa ndege, nyumba na ofisi zikaachwa wazi kwa waporaji. Karatasi iliyokuwa na nakala moja ilipotea moja kwa moja. Tangu Mei 2021 mkoa wa Ituri umekuwa chini ya utawala wa kijeshi, na familia bado zinahama zikiwa na kile tu wanachoweza kubeba.

Kwa hiyo fundi mwenye kisanduku cha diski mbili pale Ngezi anaweza kufanya kazi ya mtunza maktaba. Aanze na vitu vyenye ruhusa: masomo ya shule, vitabu vya wauguzi, kwaya zilizokubali, vipindi ambavyo redio za mji ziko tayari kuvitoa. Kila faili ikae kwenye diski zote mbili, na nakala ya tatu ilale nyumba nyingine, kwa sababu moto na wizi havichagui diski. Betri na paneli ya jua zisubiri umeme unapokatika. Faili ziandikwe majina yanayoeleweka, na aliyezitunga atajwe.

Vyuo vya Bunia, chuo cha ualimu cha ISP na Chuo Kikuu cha Shalom miongoni mwao, vina walimu na wanafunzi wanaoweza kuusimamia mtandao wa namna hiyo kati ya kartie na kartie. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kuandika upya kumbukumbu zilizopotea. Zaidi ya miaka 20 ya seva za nyumbani imeonyesha kwamba kinachodumu ni kile kilicho na nakala kwa watu wengi. Ituri imepoteza vya kutosha, na kazi ya kuzidisha nakala inaweza kuanza na diski zilizopo.