Kujua na Kutenda: Mwenendo wa Wanafunzi wa Afya Wakati wa UVIKO-19

Baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, watafiti wa nchi nyingi waliwaendea wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wakiwa na hojaji za maarifa, mtazamo na mwenendo. Nyingi zilisimama juu ya dhana kwamba anayejua atatenda; mwenendo ukipungua, basi mafunzo yaongezwe. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo ni dhaifu. Mwenendo salama wa mwanafunzi wa afya hujengwa zaidi na mpangilio wa wodi, usimamizi na mfano wa walio juu yake kuliko wingi wa anayoyajua.

Historia inaunga mkono dai hili. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, kliniki ya uzazi iliyotumiwa na wanafunzi wa udaktari ilipoteza wanawake wengi kwa homa ya uzazi kuliko kliniki jirani ya wakunga, kwa kuwa wanafunzi hao walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wajawazito. Mwezi Mei 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Vifo vilivyozidi asilimia 18 mwezi Aprili vilishuka hadi takriban asilimia 2 mwezi Juni. Wanafunzi wale hawakuijua nadharia ya vijidudu, kwani ilikuja kuthibitishwa miongo kadhaa baadaye. Kilichowabadilisha ni amri iliyosimamiwa, pamoja na maji yaliyokuwa tayari pale walipofanyia kazi.

Kinyume chake, hojaji za wakati wa UVIKO-19 zinathibitisha machache kuliko zinavyodhaniwa. Vyuo vingi, vya Tanzania vikiwemo, vilifungwa Machi 2020, na hojaji nyingi zikajazwa mtandaoni. Anayeulizwa mbali na wodi kama huvaa barakoa ipasavyo hueleza kile anachojua kuwa ni jibu sahihi, na mwanafunzi wa afya ndiye anayelijua vyema zaidi. Kwa hiyo, alama za juu za maarifa zikiambatana na alama za juu za mwenendo, huenda tumepima jambo moja mara mbili.

Yupo atakayepinga kwamba bila maarifa mwanafunzi atafuata uvumi, hasa kuhusu chanjo. Pingamizi hili lina uzito, na linatulazimu kutofautisha mambo mawili. Kuchanjwa ni uamuzi unaofanywa mara chache, baada ya kutafakari. Hapo maarifa na imani kwa wataalamu vina nguvu kubwa. Kunawa mikono kabla ya kumgusa kila mgonjwa ni tendo linalorudiwa mara nyingi kwa zamu moja, katika uchovu na haraka. Tendo la namna hiyo hudumishwa na mazoea, na mazoea hufa pale daktari bingwa anapopita kitanda hadi kitanda bila kunawa huku wanafunzi wakimfuata nyuma.

Wengine watasema hospitali zetu hazina uwezo wa kutoa vifaa vya kinga. Uhaba ni wa kweli, na ndiyo sababu si haki kumlaumu mwanafunzi asiye na maji wala barakoa. Hata hivyo, ndoo yenye koki si ghali, na Shirika la Afya Duniani limechapisha kanuni ya kutengeneza kitakasa mikono kwa ethanoli, gliserini na peroksidi ya hidrojeni, kazi inayowezekana katika maabara ya famasia ya chuo.

Mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg nchini Rwanda mwaka 2024, ambao wengi wa waathirika wake walikuwa watumishi wa afya, umeonyesha gharama ya kuchelewa kuchukua tahadhari. Vyuo viupime mwenendo kwa kuutazama wodini, viupe alama zenye uzito sawa na mtihani wa nadharia, na viwawajibishe wakufunzi kwa kipimo kilekile. Mwanafunzi anayepelekwa kwa wagonjwa ana haki ya kukuta usalama umeshaandaliwa.