Smiley na Majalada Yaliyofichwa

Mtu amalizapo vitabu tisa vya mhusika mmoja hupatwa na ukiwa, kama msafiri aliyeshuka chomboni baada ya safari ndefu, asijue mara moja aelekee wapi. Vitabu ninavyovitaja ni vile vya George Smiley, mpelelezi wa Kiingereza aliyebuniwa na John le Carré. Cha kwanza kilitoka katika mwaka wa 1961 na cha mwisho katika mwaka wa 2017, miaka mitatu kabla ya kufa kwake mwandishi. Jina lake la haki lilikuwa David Cornwell, na kabla ya kuishi kwa kalamu alikuwa mtumishi wa idara mbili za siri za Uingereza. Yamkini wengi huvishika vitabu hivi kwa tamaa ya bastola na mbio za motokaa. Vitu hivyo humo ni haba. Aliyemo ni mtu mfupi, mnene, mwenye miwani, ambaye mkewe humwacha mara kwa mara, naye huketi usiku kucha akisoma karatasi.

Katika kusoma huko karatasi ndimo hadithi hizi zinamokutana na kazi ya mwanahistoria. Tukitazame kitabu cha tano, Tinker Tailor Soldier Spy, cha mwaka wa 1974. Ndani ya idara yumo msaliti anayewatumikia Warusi, na Smiley, aliyekwisha kuondolewa kazini, anaombwa amtafute kwa siri. Anapanga chumba katika hoteli duni mtaa wa Paddington, na majalada huletwa humo. Hampigi mtu. Analinganisha tarehe na tarehe, anauliza nani alitia sahihi na nani hakutia. Mwenziwe, Peter Guillam, anapotumwa kuiba daftari la zamu, hukuta kurasa za usiku unaotakiwa zimeondolewa. Pengo lile linakuwa shahidi mwenye kusema kuliko kurasa zenyewe, maana aliyeziondoa ndiye aliyekuwa na jambo la kuficha.

Hadithi hii haikuzuka hewani. Guy Burgess na Donald Maclean walitoroka Uingereza mwezi wa Mei 1951. Rafiki yao Kim Philby, aliyepata kuwa mkuu wa sehemu iliyopambana na Warusi wenyewe, aliponyoka kutoka Beirut mwezi wa Januari 1963, akaishi Moscow hata kufa kwake mwaka wa 1988. Walakini le Carré hakutosheka na kumlaani msaliti. Bill Haydon wake, akisha kukamatwa, anaeleza kuwa mambo ya Suez ya mwaka wa 1956 yalimwonyesha kwamba nchi yake haina uzito tena duniani. Naye Connie Sachs, mwanamke mzee ambaye kumbukumbu za idara nzima zimo kichwani mwake, anawalilia vijana wake wa zamani kwa kuwa walilelewa kutawala dola, na dola yenyewe imetoweka. Maneno ya bibi huyu yalinisimamisha kuliko siri zote za kitabu. Dola aliyoililia ilikuwa juu ya migongo yetu, na katika vitabu vyote tisa Afrika hutajwa kwa kupita tu.

Kitabu cha sita, kinachotupeleka Hong Kong, ni kirefu kupita haja, na cha pili ni habari ya mauaji ya shuleni ambayo ingeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote. Cha saba, Smiley's People, cha mwaka wa 1979, ndicho kilichoniacha kimya. Adui mkubwa, Karla wa Moscow, anavuka daraja la Berlin ili ajisalimishe, kwa sababu Smiley amegundua kwamba ana binti mgonjwa aliyefichwa Uswisi. Karla, ambaye miaka yote alishinda kwa kutokuwa na huruma, anashindwa kwa huruma aliyo nayo kwa mtoto wake. Na Smiley anashinda kwa kuushika upendo huo kama kamba. Anapoambiwa kuwa ameshinda, anakubali kwa shida, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

Lakini mfululizo haukuishia darajani. Ili kuufahamu mwisho wake yafaa turudi kwenye kitabu cha tatu, The Spy Who Came in from the Cold, cha mwaka wa 1963, miaka miwili baada ya ukuta wa Berlin kujengwa. Humo Alec Leamas anatumwa Ujerumani ya Mashariki akidhani anakwenda kumwangamiza Mundt, aliyekuwa Nazi. Kumbe Mundt ni mtu wa Waingereza, na anayekusudiwa kufa ni Fiedler, Myahudi mwerevu aliyeanza kumshuku. Liz Gold, mpenzi wa Leamas, anapigwa risasi ukutani, na Leamas anashuka kwa hiari yake upande wa mauti.

Miaka hamsini na minne baadaye, katika A Legacy of Spies, deni hilo linadaiwa. Mtoto wa Leamas na mtoto wa Liz wamekua, wanataka kuishtaki idara, na Guillam mzee anaitwa kutoka Ufaransa aje London ahojiwe. Karatasi za mambo yale hazimo katika hifadhi; zilifichwa katika nyumba ya siri ambayo wakubwa wapya hawakuijua.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuzipita kurasa hizo kama apitavyo ngano. Katika mwaka wa 2009 wazee wa Kenya walioteswa vizuizini wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mbele ya Mahakama Kuu ya London. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliwatolea ushahidi. Mapema mwaka wa 2011 wizara ya mambo ya nje ilikiri kwamba yako majalada mengine, yaliyotunzwa katika jumba la serikali la Hanslope Park: ya Kenya yapata 1,500, na pamoja na ya makoloni mengine, jumla yapata 8,800 kutoka nchi 37. Kenya ilikwisha kuomba irudishiwe karatasi zake katika mwaka wa 1967, ikanyimwa. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alieleza bungeni masikitiko ya serikali yake, na wadai 5,228 wakakubaliwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi.

Majalada yale yaliondolewa Nairobi kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, yaani mwaka ule ule ambao Philby alitoroka na Leamas akafa kitabuni. Amri ya mwaka wa 1961 ilikuwa kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ziwezazo kuiaibisha serikali ya Uingereza. Katika Kenya karatasi za siri zilipigwa muhuri wa herufi W, na hakuruhusiwa kuzishika ila raia wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya. Za kuchomwa, majivu yake yapondwe. Za kutoswa, ziwekwe uzito na kuzamishwa kwenye kina kirefu mbali na pwani. Tena pale ambapo pengo lingeonekana, iwekwe karatasi ya uongo mahali pake. Hapo makarani wa kweli walimpita msaliti wa le Carré, aliyeliacha pengo lake wazi hata Guillam akaliona. Kazi hiyo ilipewa jina la Legacy, yaani urithi, neno lile lile lililo katika jina la kitabu cha mwisho cha Smiley.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na kitabu hicho, japokuwa nimekipenda. Mwana wa Leamas amechorwa kuwa mtu wa vitisho mwenye tamaa ya fedha, na huruma yote ya msomaji huvutwa kwa Guillam, mzee anayehojiwa. Mshtaki anatazamwa kwa dirisha la mshtakiwa. Wazee waliosafiri kwenda London walikuwa na makovu miilini mwao, na walikuwa wamengoja nusu karne na zaidi kabla ya kusikilizwa. Habari ya mtu wa namna hiyo, aliye nje ya mlango wa hifadhi, le Carré hakuiandika, naye alikuwa na kipawa cha kuiandika.

Majalada ya Hanslope Park yalifunguliwa kwa wasomaji katika hifadhi ya taifa huko Kew, London, kati ya mwaka wa 2012 na 2013. Yaliyochomwa hayamo, lakini baadhi ya hati zilizothibitisha kuchomwa kwake zimesalia, na lau kazi hii ingekuwa ya Smiley, angeziomba hizo kwanza.